Kutoka geti moja mpaka CPU: mwongozo kwa wanaoanza lojiki ya dijitali Arusha na Moshi

Wadau wa mwaka wa kwanza mnaosoma kompyuta hapa Chuga na kule Moshi, huu mwongozo ni wa lile somo linaloanza na sifuri na moja alafu baada ya wiki kadhaa unaambiwa chora CPU, yaani kichwa cha kompyuta kinachotekeleza maelekezo. Wengi wanakwama kwa sababu nusu ya kwanza (mageti, yaani saketi ndogo zinazopokea 0 na 1 zikatoa 0 au 1, jedwali za ukweli zinazoorodhesha kila ingizo na jibu lake, ramani za Karnaugh za kufupisha jedwali hizo) na nusu ya pili (rejista inayoshika namba, ALU inayofanya hesabu, kumbukumbu) wanazisoma kama masomo mawili yasiyojuana, la kwanza mtu anakariri kwa ajili ya test one, analifuta kichwani, la pili anadesa usiku wa kuamkia UE (mtihani wa mwisho wa muhula), alafu matokeo yakitoka analaumu hesabu. Mi nakupitisha njia moja tu: unajenga kijumlishi, unakifanya kitoe pia, unakipa mahali pa kukumbuka jibu, alafu unakaa wewe mwenyewe kwenye nafasi ya sehemu iliyobaki ya CPU mpaka uchoke uweke saketi ikufanyie. Ukifika hapo ile michoro ya sura ya mwisho utakuwa unaisoma kama kitu ulichokishika mkononi.

Vifaa kwanza

Bredibodi moja ndefu, chipu tatu za 74HC00, moja moja ya 74HC86, 74HC283 na 74HC175, LED kama kumi, rezista za 1k na za 10k, kapasita ndogo za 100nF moja kwa kila chipu, swichi za DIP, na swichi moja yenye miguu mitatu ya kwenda huku na huku. Mita ya bei ya chini inatosha. LED, rezista na kapasita unazipata kwa mafundi redio na maduka ya spea mjini, chipu za 74 ukizikosa agizeni Kariakoo zije na basi, na hapo jichangeni wanne watano mtume oda moja, hakuna haja kila mtu alipie kifurushi chake. Kama boom (pesa ya mkopo) halijaingia nunua bredibodi na 74HC00 moja, hatua ya pili yote inafanyika na chipu hiyo hiyo moja.

Waya usinunue. Tafuta fundi anayefunga intaneti maofisini muombe kipande cha kebo ya netiweki kilichobaki, ile ya ukutani yenye shaba ngumu, ndani kuna nyaya nane zenye rangi tofauti na unene wake unaingia kwenye tundu za bredibodi bila shida. Ile kebo laini ya kuchomeka kwenye kompyuta haifai, nyuzi zake ni nyembamba nyingi zinapinda tu.

Angalia herufi za katikati kwenye chipu kabla hujalipa. Hapa naongelea HC. Ukiuziwa 74LS sio kimeo, inafanya kazi, ila rezista ya 10k ya kushusha hasi nitakayoelekeza hapa chini haitaivuta mpaka sifuri, ingizo la LS linasukuma mkondo wake lenyewe. Kwa LS geuza: rezista ipande kwenye chanya, swichi ishushe hasi. Na usichanganye LS na HC kwenye bodi moja ukiwa unaanza, utapata volti za katikati ambazo hazieleweki.

Hatua ya 1: umeme na swichi

Volti 5 ziko kwenye chaja ya kawaida ya simu. Chukua kebo ya USB iliyokufa kichwa, kata, menya, nyekundu huwa chanya na nyeusi hasi, ila kebo za bei chee zina rangi za ajabu ajabu kwa hiyo pima na mita kabla hujagusisha chochote. HC inakubali volti 2 mpaka 6, maana yake hata betri tatu ndogo zilizofuatana zinakubeba siku umeme umekatika. Pawabenki ndo itakuzingua, nyingi zikiona mzigo ni mdogo sana zinajizima zenyewe, LED zote zinalala na wewe unaanza kutafuta kosa ambalo halipo.

Chipu inakaa juu ya ule mfereji wa katikati. Kibonyeo kikiwa kushoto, mguu wa 1 uko chini kushoto, unahesabu kwenda kulia alafu unapanda unarudi kushoto. Kwa 74HC00 hasi ni mguu wa 7 na chanya ni wa 14, kapasita ya 100nF weka karibu kabisa na chipu kati ya hiyo miwili. Chipu ikichemka ghafla chomoa, umegeuza umeme. Alafu kuna bredibodi ndefu ambazo mstari wa umeme wa pembeni umekatika katikati, nusu ya bodi ina umeme na nusu haina, pima ncha zote mbili.

Swichi iko hivi: upande mmoja kwenye 5V, upande wa pili kwenye mguu wa kuingizia, na kutoka mguu huo huo rezista ya 10k inashuka hasi. Hiyo rezista ni lazima. Bila hiyo, swichi ikiwa wazi mguu unaning'inia hewani na geti la CMOS (ndo aina ya hizi chipu za HC) linashika chochote kilicho karibu, unapeleka kidole LED inawaka, unatoa inazima, na mtu anakuambia chipu mbovu. Miguu ya kuingizia ya mageti usiyoyatumia nayo ipeleke hasi, ila miguu ya kutolea iache wazi. LED inapita kwenye rezista ya 1k, mwanga unatosha na chipu haichoki. Na kwa sababu miezi ya Juni na Julai huku tunashinda na masweta, ukishalivua gusa kitu cha chuma kwanza ndo ushike chipu.

Hatua ya 2: chipu moja, mageti manne, XOR

74HC00 ina NAND nne. NAND inatoa 0 pale tu maingizo yote mawili yakiwa 1, kwingine kote inatoa 1. Swichi A ipeleke mguu wa 1 na wa 4. Swichi B mguu wa 2 na wa 10. Mguu wa 3 upeleke wa 5 na wa 9. Mguu wa 6 uende wa 12, wa 8 uende wa 13. LED kwenye mguu wa 11.

Kabla hujawasha chukua karatasi andika mistari minne, 00, 01, 10, 11, jaza unachotarajia kwenye miguu ya 3, 6, 8 na 11, yote. Alafu washa, pima kila mguu kwa mita, linganisha. Hii ya kuandika kwanza ndo inayofundisha, ukiangalia LED tu unapata burudani na hujifunzi kitu. Volti karibu na 5 ni moja, karibu na 0 ni sifuri, ukikuta 2 na kitu hapo kuna mguu unaning'inia au umegusanisha matokeo ya mageti mawili.

Utakachokiona: mguu wa 6 unashuka sifuri pale tu A ni 1 na B ni 0. Mguu wa 8 unashuka pale tu B ni 1 na A ni 0. NAND ya mwisho inapanda moja kama yeyote kati ya hao wawili ameshuka. Kwa hiyo LED inawaka A na B zikitofautiana, hiyo ndo XOR, na ndo tarakimu ya mwisho ukijumlisha biti mbili. Sasa rudi mguu wa 3. Wenyewe unashuka pale A na B zote ni 1, maana yake ni ile moja ya kubeba, imegeuzwa tu. Saketi moja imekupa jumla na cha kubeba bila geti la ziada.

Hapa ndo aljebra ya Boole inaacha kuwa stori. George Boole aliiandika mwaka 1854 akiwaza mantiki ya fikra, hakuna swichi yoyote akilini, na ni Claude Shannon mwaka 1937 kwenye tasnifu yake ya uzamili pale MIT aliyeonyesha kwamba hesabu zile zile zinaelezea saketi za rilei, yaani swichi zinazoendeshwa na umeme. Lekchara akikupa swali la De Morgan (sheria ya kubadilisha AND na OR kwa kugeuza maingizo na matokeo), kichwani rudi kwenye hii chipu: geti la mwisho ni NAND lakini linafanya kazi ya OR kwa sababu maingizo yake yamegeuzwa. Sheria yote iko hapo mguu wa 11.

Hatua ya 3: kijumlishi kamili

Biti moja inayojitegemea haisaidii, lazima ipokee cha kubeba kutoka kulia kwake. Chukua chipu ya pili, rudia waya zile zile, ila A sasa ni jibu la XOR ya kwanza na B ni cha kubeba kinachoingia, swichi ya tatu, tuiite C. Mguu wa 11 wa chipu ya pili ndo jumla. Cha kubeba kinachotoka unakipata kwa NAND moja kutoka chipu ya tatu, ingiza mguu wa 3 wa chipu ya kwanza na mguu wa 3 wa chipu ya pili. NAND tisa jumla, zinabaki tatu, usizing'oe tutazitumia.

Mistari minane ya jedwali, fanya yote. Alafu hapo hapo chora ramani za Karnaugh za matokeo mawili. Ya cha kubeba inakupa makundi matatu ya mbili mbili, AB, BC na AC, safi. Ya jumla zile moja zimekaa mshazari, hakuna hata mbili zinazopakana, hakuna cha kukusanya. Swali la aina hii kwenye mtihani linawachanganya watu wanahisi wamekosea kujaza, kumbe ramani inakuambia hii kazi ni ya XOR na yenyewe haina msaada. Ramani nzuri sana kwa vitu vidogo vya biti tatu nne, zaidi ya hapo kazi hiyo inafanywa na programu, kwa hiyo jifunze itoshe mtihani usiishi humo.

Hatua ya 4: biti nne, kujumlisha na kutoa

Ungeweza kuunganisha vijumlishi vinne vya NAND, ni mageti 36, fanya kama una chipu tisa na wikiendi ndefu. Vinginevyo 74HC283 ina vinne ndani tayari. Umeme ni 16 na 8. A1 ni mguu wa 5, A2 wa 3, A3 wa 14, A4 wa 12. B1 wa 6, B2 wa 2, B3 wa 15, B4 wa 11. Jumla S1 wa 4, S2 wa 1, S3 wa 13, S4 wa 10. Cha kubeba kinaingia 7 kinatokea 9. Imepangwa hovyo lakini ndo hivyo, na A1 ndo biti ndogo kabisa, kwenye notsi nyingi inaitwa A0.

Sasa kutoa. Usijenge saketi ya kutoa. Weka 74HC86, ina XOR nne na miguu yake imekaa sawasawa na ya 00. (Sio chipu zote, 74HC02 matokeo yako miguu ya 1, 4, 10 na 13, ukiifunga kwa mazoea inakula kwako.) Kila B ipite kwenye XOR moja, ingizo la pili la XOR zote liunganishe na swichi moja, iite M, na M hiyo hiyo iende mguu wa 7 wa 283. M ikiwa 0, B inapita kama ilivyo. M ikiwa 1, B inageuzwa na inaongezwa 1, tayari ni kamilisho la mbili, yaani namna ya kuandika namba hasi kwa biti.

Jaribu 5 toa 3: 0101 jumlisha 1100 jumlisha 1, inatoka 0010 na cha kubeba kinawaka. Jaribu 3 toa 5: 0011 jumlisha 1010 jumlisha 1, inatoka 1110 bila cha kubeba, na 1110 ni hasi 2. Alafu jaribu 7 jumlisha 1. Inatoka 1000, ukiisoma bila alama ni 8 sawa kabisa, ukiisoma kwa kamilisho la mbili ni hasi 8, upuuzi. Cha kubeba hakijawaka lakini jibu limefurika. Kaa hapo mpaka uielewe, kwa sababu kufurika na kubeba ni vitu viwili na waya hazijui wewe unasoma kwa mtindo gani, bendera zote mbili (biti za kutoa taarifa ya kubeba na ya kufurika) zipo kwenye CPU kwa sababu hiyo. Kufurika kunatokea pale namba mbili za alama moja zimejumlishwa jibu likatoka na alama nyingine, ukiweza kuandika geti la hiyo sentensi hilo swali la UE umeshalimaliza.

Hatua ya 5: kumbukumbu na kloki

Sasa tunataka saketi ikumbuke jibu na iliongezee. Wazo la haraka ni kurudisha S kwenye A moja kwa moja. Usifanye, jibu jipya linakuwa ingizo hapo hapo, linazaa jibu jingine, linazunguka ndani ya makumi ya nanosekunde bila kutulia. Katikati weka 74HC175, flipflopu D nne (kila moja inashika biti moja) zenye kloki moja, yaani mpigo unaoziambia lini zishike. S1 mpaka S4 ziingie D kwenye miguu ya 4, 5, 12, 13, na Q za miguu ya 2, 7, 10, 15 zirudi A1 mpaka A4. Swichi za A zing'oe. Umeme 16 na 8, kloki mguu wa 9, na mguu wa 1 uweke juu kwa rezista ya 10k, ukitaka kufuta kila kitu uguse hasi.

Flipflopu inachukua kilichopo D pale tu kloki inapopanda. Ni kama konda wa kifodi akigonga bodi pale Kilombero, gari linaondoka na waliokwisha kaa, wewe uliyekuja mbio nusu sekunde baadaye unasubiri lijalo. Hiyo ndo inazuia lile zunguko.

Ukiweka kitufe cha kawaida kwenye kloki utaweka B ni 1, ubonyeze mara moja, namba iruke kwa 3 au 5. Vyuma vya kitufe vinadundadunda milisekunde chache kabla ya kutulia na chipu inahesabu kila mdundo. Hapo ndo zile NAND za akiba zinaingia kazini. Chukua mbili, tokeo la kila moja liingie kwenye nyingine, maingizo yaliyobaki yapandishe juu kwa 10k na yafunge kwenye miguu miwili ya nje ya swichi ya huku na huku, mguu wa kati hasi. Tokeo la mojawapo ndo kloki yako, safi bila midundo. Na hapo umejenga lachi ya SR (saketi inayoshikilia biti moja) kwa sababu unaihitaji, kwenye hendauti huwa inatokea tu ukurasa fulani bila kuelezwa inaponya nini.

Ulichonacho mezani sasa ni rejista ya biti 4 yenye kujumlisha na kutoa. Intel 4004 ya mwaka 1971 nayo ilikuwa ya biti 4, ikiwa na transista takriban 2,300, kwa hiyo usijidharau.

Hatua ya 6: wewe ndo kitengo cha udhibiti

Andika kwenye karatasi programu, kila mstari una M na B: 0 0101, alafu 1 0010, alafu 0 0100. Futa rejista kwanza ianze na sifuri, alafu soma mstari wa kwanza, panga swichi, piga kloki, tia tiki, nenda mstari unaofuata. Inatakiwa iishie 0111. Mwenzako akuangalie na aseme kwa sauti unachofanya: kusoma mstari ni kuleta elekezo, kupanga swichi ni kulitafsiri, kupiga kloki ni kutekeleza, na kidole chako kilichopo kwenye mstari ndo kaunta ya programu. Fanya programu ya mistari ishirini mpaka ikuudhi.

Hatua ya 7: jitoe kwenye kiti

Hapa hamia Logisim-evolution, ni ya bure na inakimbia hata kwenye laptopu ya zamani. Nilichelewesha simuleta makusudi kwa sababu kwenye simuleta kitufe hakidundi na bodi haikatiki umeme katikati. Weka ROM (kumbukumbu ya kusomwa tu, hapo ndo programu inakaa) yenye anwani biti 4 na data biti 8, kaunta ya biti 4 inayolisha anwani, rejista ya biti 4 yenye mguu wa kuruhusu, na kijumlishi chako na XOR zake. Biti nne za chini za elekezo ni namba, za juu ni opkodi, yaani namba ya kazi ya kufanya: 0 jumlisha, 1 toa, 2 ruka, 3 ruka kama A (rejista yako) sio sifuri.

Udhibiti wote unatoka kwenye waya mbili. Biti ya 4 ya elekezo (tunahesabu kuanzia 0 kulia) ndo M. Biti ya 5 ikiwa 0 rejista inaruhusiwa kuandika, ikiwa 1 inafungwa. Kaunta inapakia anwani mpya pale biti ya 5 ni 1 NA (biti ya 4 ni 0 AU A sio sifuri), na "A sio sifuri" ni OR ya biti zake nne tu. Kaunta na rejista zitumie kloki moja. Siku ukitaka kuhamishia kwenye bredibodi kaunta ni 74HC161, ila mguu wake wa kupakia unafanya kazi ukiwa chini, kwa hiyo AND ya mwisho ifanye NAND, na 74HC175 haina mguu wa kuruhusu, itabidi uchague njia nyingine ya kuishikilia A isibadilike.

Fungua ROM andika 05 11 31 23, kwa kila jozi tarakimu ya kwanza ni opkodi na ya pili ni namba. Weka A sifuri na kaunta sifuri, piga kloki polepole. Rejista inatakiwa isome 5, 4, 3, 2, 1, 0 alafu kaunta inakaa kwenye 3 haitoki. Ikisimama kwenye 1 au 2 kabla ya kufika 0 angalia ile OR, kuna biti ya A hujaiunganisha au umechukua S badala ya Q. Ikikwama kwenye 4 basi haijarudi anwani ya 1, fuatilia waya kutoka biti za chini za ROM mpaka kwenye mlango wa data wa kaunta.